Sekunde 11 za Mkate: Kisa cha Filamu Fupi ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi

Kipande chenyewe ni cha sekunde 11. Kamera iko chini ya maji, inatazama juu, na tumbo la boti ya kioo, ile yenye kioo sakafuni cha kutazamia chini, limelikata jua katikati. Mara samaki wenye mgongo wa manjano na mistari myeusi wanafurika kutoka kila upande, wengi kiasi kwamba kioo hakionekani tena. Kila aliyeonyeshwa alisema lile lile: hiki kianze. Mteja alisema hivyo, mhariri alisema hivyo, na mimi niliyeitwa baadaye kuitazama rasimu na kutoa maoni nilielewa kwa nini. Ni picha nzuri. Ila juu ya boti, nje ya macho ya kamera, kuna mkono unaorusha vipande vya mkate.

Naandika kisa hiki kwa sababu maswali yaliyozuka kwenye sekunde hizo humkabili kila anayepiga filamu fupi za kuonyesha uzuri wa hifadhi zetu, na mara nyingi hayaulizwi mpaka filamu imeshasambaa kwenye simu za watu.

Kazi ilianza kama kazi nyingine yoyote. Vijana wanne wa mjini, wawili kati yao wakiishi kwa kupiga video za harusi, walipewa na mwenye hoteli mmoja kazi ya filamu ya dakika tatu kuhusu Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi. Ingechezwa kwenye skrini ya mapokezi, na wageni wangetumiwa toleo lake fupi la nusu dakika kwa WhatsApp kabla hawajapanda ndege. Iwe na maandishi ya Kitaliano, maana Malindi bila Mtaliano ni hadithi nyingine. Pesa zilikuwa kidogo, muda mfupi, na maagizo yalikuwa mstari mmoja: ionyeshe uzuri.

Maagizo ya namna hiyo humtesa mpiga picha kuliko hata yale ya kumbana. Asipoambiwa uzuri upi, atachukua kila kizuri anachokiona. Rasimu ya kwanza ilikuwa na machweo, ngalawa, mnazi ulioinama, kikapu cha matunda, na hata Nguzo ya Vasco da Gama ikaingia, ingawa bwana huyo alipita hapa 1498 na sidhani kama aliwahi kutia kichwa majini kutazama matumbawe. Hifadhi yenyewe ilipewa chini ya nusu ya muda wa filamu. Na ndani ya hiyo nusu, ukiondoa kipande cha mkate, maji yalikuwa ya kibuluu kizito na samaki walionekana kwa migongo tu, wakikimbia.

Ilhali hifadhi ina ya kusema. Ilitangazwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Watamu, na hizo mbili ni miongoni mwa hifadhi za mwanzo kabisa za bahari barani Afrika. Mwaka 1979 UNESCO ikaliingiza eneo la Malindi na Watamu kwenye mtandao wake wa hifadhi za viumbe hai. Si kubwa, kilomita za mraba 6 na ushei. Ndani yake hakuna kuvua kabisa. Wavuvi wanaruhusiwa kwenye eneo la akiba linaloizunguka, kwa zana za jadi. Ukisimama kwenye ufuo wa Casuarina chini ya mivinje unauona mstari mweupe wa mawimbi yanapovunjikia mwambani, na kati ya mstari huo na miguu yako ndiko boti za kioo zinakopeleka watu.

Chini ya mivinje hiyo ndipo vijana walipomwonyesha rasimu nahodha aliyewapeleka. Wao humwita Ami. Aliitazama yote kwenye simu, akiikinga na jua kwa kiganja.

"Waonaje, Ami?" mpiga picha akauliza.

"Nzuri. Lakini hawa si samaki wa hifadhi, hawa samaki wa mkate. Wale wenyewe hamkuwapiga."

"Na mkate si ulirusha wewe?"

"Nilirusha, ndiyo. Mgeni akishuka hajaona samaki, mie ntakula nini?"

Nahodha alikuwa na haki pande zote mbili, na ndiyo maana kisa hiki hakimaliziki kwa kumnyooshea mtu kidole. Kanuni za wageni za KWS, shirika la kuhifadhi wanyamapori, zinakataza kulisha wanyama, na samaki ni wanyama. Sababu zake hazihitaji shahada. Wanaojaa kwenye mkate ni aina chache tu za samaki, wale wenye ujasiri na ubabe, na wakishazoea boti huwafukuza wengine. Mkate si chakula chao. Wanaohitajika na mwamba ni samaki kama pono na kangaja, wanaoshinda wakikwangua mwani juu ya matumbawe, kwa sababu mwani usipoliwa hufunika jiwe, na matumbawe machanga hayapati pa kushika. Hao hawaji kwenye mkate kwa fujo ile ya sekunde 11. Hao hukaa kando.

Lakini nahodha anaishi kwa bakshishi. Anajua mgeni ana saa moja na nusu, amelipa, amepaka mafuta ya jua, na anataka kuona. Mkate ni shilingi chache. Samaki wanakuja papo hapo.

Sasa filamu inaingia hapo katikati. Mgeni anaitazama akiwa Milano au Roma, na sekunde zile 11 zinamkaa kichwani. Akipanda boti na asizione, atauliza samaki wako wapi. Nahodha hahitaji kuambiwa mara mbili. Kesho yake mkate unanunuliwa kabla hata mgeni hajaweka mguu botini. Kwa hiyo aliyepiga kile kipande ameagiza mkate, ingawa hajawahi kuununua. Filamu fupi ya hifadhi ni agizo linalopelekwa kwa mtu wa boti, na kila kinachoonyeshwa kama kizuri kitaombwa.

Mhariri hakukubali kirahisi, na hoja zake zilistahili kusikilizwa. Kwanza alisema mkate hauonekani, basi hakuna atakayejua. Mimi naona hilo linaongeza uzito wa kosa: mtazamaji ataamini bahari ya Malindi iko hivyo kila saa, na akikuta sivyo atadhani hifadhi imekufa au nahodha hajui kazi. Pili alisema wengine wote wanaonyesha picha kama hiyo. Ni kweli, na ndiyo sababu filamu za boti za kioo, ziwe za bahari gani, zinafanana kama zimepigwa siku moja. Hoja yake ya tatu ndiyo iliyotusimamisha. Alisema: tukitoa kipande hiki na tukabaki na maji matupu, tumemnyang'anya Ami bakshishi yake halafu tunajiita wahifadhi. Kutoa peke yake kusingetosha. Ilibidi kitafutwe kitu kingine ambacho nahodha anaweza kukionyesha bila mkate, na kionekane kwa mgeni wa kawaida mwenye miwani ya kukodi.

Kabla ya kurudi majini, rasimu nzima ilipitishwa kwenye swali moja: mgeni akiona hiki, ataomba nini?

Vipande viwili vilianguka papo hapo. Kimoja kilikuwa cha mkono ulioinua kiti cha pweza juu ya maji, matone yakidondoka na jua likipenya kati ya vidole. Kizuri sana, na kila mtoto aliyekiona angetaka kuinua wake. Cha pili kilikuwa cha msichana amesimama majini, maji yakimfika magotini, bahari ikimzunguka pande zote. Ukitazama vizuri, alichosimamia ni jiwe la matumbawe.

Kipande cha tatu hakuna aliyekishuku. Kilionyesha matumbawe ya matawi, meupe pe, yaking'aa kama yamewashwa kwa ndani, na mhariri alikuwa ameyaweka pale muziki unapopanda. Askari wa hifadhi aliyeombwa kutazama ndiye aliyesema, bila kupandisha sauti, kwamba hayo yanaumwa. Matumbawe hai hubeba ndani ya nyama yake vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo huyalisha na kuyapa rangi. Maji yakipata joto la kupita kiasi, matumbawe huvitema, na kinachobaki ni mifupa myeupe inayoonekana kupitia ngozi. Hayajafa bado; joto likipungua mapema yanaweza kupona. Mwaka 1998, joto la El Niño lilipopiga Bahari ya Hindi, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ilipauka na kufa, na hifadhi za Malindi na Watamu hazikunusurika. Watu wa boti wa umri fulani wanaukumbuka mwaka ule. Kuweka weupe huo kwenye kilele cha filamu ya uzuri ni kumpiga picha mgonjwa wa homa na kuusifu uso wake kwa kung'aa.

Na kinyume chake kilikuwepo pia. Matumbawe mazima, yale makubwa ya mviringo, yalikuwa yamesukumwa rangi kwenye kompyuta hadi yakawa zambarau. Mhariri aliona yamefifia. Hayakufifia, matumbawe mengi yenye afya hapa kwetu ni ya kahawia, kijani cha zeituni, au rangi ya haradali. Mtu aliyezoea picha za kwenye kalenda anaiona rangi hiyo kama kasoro. Ni afadhali mtazamaji afundishwe kuipenda kuliko kudanganywa, maana akija ataikuta hiyo hiyo.

Kilichohitaji kurekebishwa ni mwanga na saa. Maji humeza rangi nyekundu mapema sana. Ukishuka mita 5 sehemu kubwa yake imeshakwenda, na kila kitu kinageuka kibuluu. Unaweza kuweka kichujio chekundu mbele ya lenzi, unaweza kushuka na kibao cheupe na kuipimia kamera rangi hapo hapo chini, na yote mawili husaidia. Ila dawa ya kweli kwa watu wasio na taa za gharama ni kubaki kwenye kina cha mita 2 au 3 na kuchagua saa. Rasimu ya kwanza ilipigwa saa tisa alasiri kwa sababu moja tu: ndipo boti ilipokuwa haina kazi.

Hapa ndipo nahodha alipogeuka mwalimu. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku hizo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inaweza kufika karibu mita 4. Pwani yetu ina bahati ambayo wapiga picha wa kuja huigundua wakiwa wameshafunga mizigo: siku za bamvua, maji hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Siku za maji mafu, tofauti hiyo ikiwa ndogo, kupwa huangukia alfajiri na alasiri, mwanga umeinama na nusu yake unateleza juu ya maji bila kuingia. Mwezi kwa hiyo unapanga ratiba ya kupiga picha kuliko kalenda ya mteja. Tena si kupwa kwenyewe kunakotakiwa. Maji yanapotoka huburuta vumbi lote la kwenye nyasi bahari na kulipitisha mbele ya kamera. Yanapogeuka na kuanza kuingia, huleta maji safi ya bahari kuu. Ami alisema wasubiri mpaka boti igeuze pua kwenye boya. Ikigeuka, shukeni.

Aliwapeleka kwenye jiwe moja analolijua, si mbali na zinapofungwa boti zote. Boti ilifungwa kwenye boya, hakuna nanga iliyotupwa. Vijana walivua mapezi ya mpira kwa sababu teke moja hunyanyua mchanga utakaokaa hewani, au tuseme majini, dakika kadhaa. Kamera ilifungwa kwenye kipande cha risasi ya kuvulia, ikawekwa juu ya mchanga mtupu hatua moja kutoka kwenye jiwe, ikawashwa, na watu wakaondoka. Huo ndio ujanja mkubwa kuliko wote katika kisa hiki, na hauna gharama. Samaki humkimbia mtu anayewakodolea macho. Kamera iliyotulia baada ya muda hugeuka sehemu ya mahali.

Kilichoonekana kwenye kanda hiyo kilifanya watu wanyamaze. Pembeni ya jiwe kuna kisamaki chembamba cha buluu chenye mstari mweusi, urefu wa kidole, kinachocheza juu na chini mahali pamoja. Kikicheza hivyo, wengine wanakuja. Kangaja anasimama kichwa juu, mapezi wazi, ametulia tuli. Kisamaki kinampitia mwili mzima kikimtoa vidudu na ngozi iliyokufa. Anaondoka, anakuja mwingine. Kisha chewa, mkubwa mara nyingi zaidi yake, anafungua kinywa na mashavu, na kisamaki kinaingia ndani na kutokea upande wa pili salama salimini. Nyuma yao wawili watatu wanangoja zamu. Hakuna mkate. Mkusanyiko huu uko hapo kila siku, kwenye jiwe lile lile, na mgeni yeyote anayeweza kuelea kimya kwa dakika tano anaweza kuuona. Nahodha alikuwa anaujua miaka yote. Hakuna aliyewahi kumwomba auonyeshe.

Kipande cha pili kilichopatikana kwa njia hiyo ni cha pono. Anakuja na mdomo wake wa kasuku, anauma jiwe, vumbi linatoka kwenye mashavu, anasogea, na baadaye kidogo wingu jeupe linamtoka nyuma. Huo ni mchanga. Pono husaga jiwe la matumbawe kutafuta mwani, na kinachobaki hukitoa. Mchanga mweupe wa upande wa Casuarina kwenda Mayungu, ule unaopigiwa picha na maharusi, sehemu yake imepita tumboni mwa samaki. Mteja alipoelezwa alicheka mpaka akakohoa, halafu akauliza kama lazima kisemwe. Kilibaki.

Sauti nayo ilikaribia kupotea bure. Rasimu ya kwanza ilikuwa na muziki uliopakuliwa mtandaoni, wa aina ile ya kinanda na ngoma zinazopanda polepole, ambao mwenyewe angeweza kuudai wakati wowote. Kwenye kanda ya jiwe, hata kupitia gamba la plastiki la kamera, kulikuwa na mlio. Mhariri alidhani ni hitilafu, akaanza kuusafisha. Ami ndiye aliyemzuia. Mwamba hai hulia namna hiyo: ni maelfu ya kamba wadogo wenye gando moja kubwa wanaolifyatua, na juu yao pono wanaotafuna. Wakaazima kimaikrofoni cha majini wakarekodi vizuri. Unasikia bajia zikitiwa kwenye mafuta, karai baada ya karai, bila kukoma. Muziki uliondolewa wote. Filamu ya utalii isiyo na muziki inatisha kidogo kwa sekunde chache za mwanzo, halafu masikio yanafunguka.

Kuhusu vibali sitakaa sana, ingawa ndivyo vilivyokula pesa. Filamu ya biashara nchini huhitaji leseni chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na ukiingia ndani ya hifadhi KWS nayo ina kibali na ada yake. Kiingilio peke yake hakikupi ruhusa ya kurekodi kwa biashara. Droni iliachwa kabisa. Kanuni za mwaka 2020 zinaiweka chini ya mamlaka ya usafiri wa ndege, hifadhi inataka ruhusa yake mwenyewe, na uwanja wa ndege wa Malindi uko pua na mdomo na mji. Mpiga picha alinuna kwa hilo. Mimi sikuona hasara: ukitazama mwamba kutoka juu unaona ramani, na mteja alikuwa na ramani tayari ukutani.

Msimulizi ndiye aliyezua ugomvi wa pili. Maneno ya rasimu ya kwanza yalikuwa ya Kiingereza, yakisomwa na kijana mwenye sauti nzito ya matangazo, na yalianza na neno paradiso na kuishia na paradiso. Katika kurekodi upya, walimwacha Ami aongee huku akiendesha boti, wakachagua sentensi zake. Anaongea kwa ufupi. "Hapa maji yapwa, twangoja. Huyu mdogo ndiye mganga wao." Kwa toleo la Kitaliano, mteja alitaka mtafsiri wa kulipwa. Nahodha akasema yeye Kitaliano anacho, na anacho kweli, kile cha ufukweni, kilichookotwa kwa wageni mwaka baada ya mwaka, vitenzi vikiwa vimekaa anavyotaka yeye. Mteja aliona haya. Walipompelekea mgeni wake wa siku nyingi kusikiliza, mgeni akataka kujua ni lini anaweza kupanda boti ya huyo mzee. Mtafsiri hakuitwa.

Ilibaki habari ya maji mekundu. Mto unaoanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukapita ndani ya Tsavo Mashariki ukiitwa Galana, unaingia baharini kaskazini mwa Malindi ukiitwa Sabaki. Mvua za vuli zikinyesha bara hushuka na udongo wa mashamba ya watu, na kaskazi ikivuma, maji hayo husukumwa kusini kuelekea mji na hifadhi. Ndiyo maana mchanga wa ufuo wa mjini ni wa kahawia wakati wa Casuarina ni mweupe. Udongo huo ukitua juu ya matumbawe huyanyima mwanga, na yale yasiyoweza kujisafisha hufa. Vijana walikuwa na kipande kimoja cha mdomo wa Sabaki, flamingo wamesimama kwenye tope, na nyuma yao mstari ulionyooka ambapo maji mekundu yanakutana na ya buluu. Kwa macho yangu ndicho kipande kizuri kuliko vyote walivyopiga, kikiwemo cha chewa.

Mteja alikikataa. Maji yasiyo ya buluu hayauzi chumba. Hoja ya mazingira haikumgusa, na sikuitegemea imguse. Yeye anauza vyumba. Iliyomgusa ni ya malalamiko. Mgeni aliyeonyeshwa buluu tupu, akaja Desemba siku mbili baada ya mvua kubwa bara, akakuta bahari ya rangi ya chai, atadai arudishiwe pesa. Aliyeambiwa mapema kwamba bahari hii ina mto, na kwamba mto huo umetoka kwenye ndovu wa Tsavo, atachukua kamera. Mteja alifikiri, akakubali sekunde 8 kwenye filamu ndefu. Kwenye ile ya nusu dakika ya simu hakutaka hata moja. Naona alikosea, kwa sababu ya simu ndiyo inayotazamwa.

Filamu iliyotoka inaanza na pono. Picha nyeusi kwanza, mlio wa mwamba peke yake, halafu mdomo unauma jiwe. Nguzo, machweo na matunda havimo. Kipande cha mkate hakimo.

Ila hakikupotea. Rasimu ya kwanza ilikuwa imetumwa kwa mteja kwa WhatsApp, nzima, bila alama yoyote juu yake, na makubaliano hayakusema lolote kuhusu vipande vilivyoachwa. Mteja alikata zile sekunde 11 mwenyewe kwenye simu akaziweka kwenye status yake, na kutoka hapo zikaenda zilikokwenda. Nadhani hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na kitu kizuri mkononi akakionyesha. Tangu hapo, kila kijana anayeniuliza kuhusu kazi za namna hii namwambia mambo mawili ya kuchosha kabla hajagusa kamera: andika kwenye makubaliano kwamba vilivyoachwa ni vyako, na rasimu usimtumie mteja, kaa naye aitazame kwenye kompyuta yako.

Sasa Casuarina yanafika maagizo mawili. Wapo wageni wanaopanda boti na kuuliza mkate, na wapo wanaomwomba Ami azime injini ili watie masikio majini. Wa pili ni wachache. Anasema hao hukaa majini muda mrefu, na bakshishi yao si haba, lakini ukiwa na boti yenye wageni wa aina zote mbili, wa mkate ndio hushinda kwa sababu ndio hupiga kelele. Mkate bado anao botini, chini ya kiti. Anasema siku hizi huutoa wa mwisho.

Vijana wamepata kazi nyingine, ya Arabuko-Sokoke, msitu wenye bundi mdogo wa Sokoke na sange, mnyama mdogo wa pua ndefu, mwenye matako ya dhahabu. Kwenye kikao cha kwanza mpiga picha alikuja na sauti ya bundi huyo kwenye simu. Ukiicheza msituni jioni, mwenyewe hudhani mwenzake ameingilia eneo lake, akaja karibu kumfukuza. Wanne hao walibishana kama huo ni mkate au si mkate. Waliamua kwanza wamuulize mwongozaji wa msitu, maana waongozaji wa pale wanavijua vichaka anamolala mchana, na bundi aliyelala haombwi kuja.